Mpisheni mgonjwa? Mgonjwa gani?
Kila nikishuka gatini Lamu na magongo yangu, lazima atokee wa kupaza sauti: "Mpisheni mgonjwa!" Mgonjwa wa nini? Polio ilinipitia utotoni, ikaniachia mguu huu, ikaenda zake. Mwingine, msomi huyo, ataniita "mwenye mahitaji maalumu". Hitaji langu ni boti ya kwenda Shela, kama lako wewe! Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataka tuitwe kwa namna isiyotudunisha. Haikuwatuma mtutungie majina. Niite mlemavu, sikasiriki. Kiwete najiita mwenyewe, na wenzangu wa barazani tukitaniana. Wewe tumejuana lini? Na nauli, jamani, msimdai mpwa wangu. Pochi ninayo mimi.