Waliponiambia nijiamini

Ng'ombe wa kwanza niliyempima mimba, nilidanganya. Nilivaa glovu ndefu hadi begani, nikaingiza mkono, nikapapasa. Nikakuta kinyesi cha moto tu, na misuli inayobana mpaka vidole vinakufa ganzi. Wenzangu wawili walionitangulia walikuwa wameshasema ana mimba ya miezi 3. Nami nikasema, "Miezi 3, mwalimu." Mwalimu akavaa glovu yake, akaingia, akatoka. Ng'ombe hakuwa na mimba.

Usiku ule bwenini nilipiga hesabu ya kuacha chuo cha udaktari wa mifugo. Nilikuwa mwaka wa 3 kati ya 5, nina sapu mbili, mitihani ya kurudia, nyuma yangu, na naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Darasani kulikuwa na vijana waliokulia zizini, wanaomtazama ndama anavyosimama tu na kujua kama anaumwa. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Magomeni. Mnyama niliyemzoea ni paka wa jirani na kuku wa sikukuu. Nikampigia dada yangu nikilia. Akaniambia, "Mdogo wangu, jiamini tu."

Kila mtu alinipa dawa hiyohiyo, na mpaka leo siipendi. Wale wawili wa miezi 3 walikuwa wamejiamini kweli kweli.

Nionavyo mimi, shaka ziko mbili na watu huzichanganya. Ipo inayokaa mdomoni, ikakuzuia kusema "sijagusa kitu, naomba nielekezwe tena." Hiyo ndiyo iliyonifanya nidanganye, na nusura inirudishe Magomeni. Na ipo inayokaa mkononi, inayokurudisha upime mara ya pili kabla hujatamka jambo. Ukimwambia mwanafunzi ajiamini, unaziua zote mbili kwa mpigo.

Ya mdomoni niliimaliza kwa aibu. Jumamosi moja nilimfuata mzee anayehudumia banda, mtu asiye na cheti chochote ukutani. Nikamwamkia, nikamweleza ukweli. Akacheka kidogo. "Mwanangu, nyie mnatafuta mimba kabla hamjajua njia. Tafuta kwanza shingo ya kizazi, hapo chini kwenye mfupa wa nyonga. Ni ngumu, kama shingo ya kuku. Ukishaishika, ndiyo uende mbele."

Nikawa naenda kila Jumamosi. Nilikuwa na daftari dogo. Kila ng'ombe na namba yake, na kurasa za mwanzo zimejaa neno moja: sijui. Kwa ng'ombe wa 23 niliishika ile shingo, nikasogea mbele, nikakuta pembe moja ya kizazi imejaa kuliko mwenzake, laini, kama puto lenye maji. Nikatoa mkono. Nikaurudisha tena. Bado ilikuwepo.

Ya mkononi sikuigusa, na nashukuru. Mwaka wa mwisho, tukiwa mafunzoni vijijini, tulifika boma moja asubuhi. "Binti, bwana mifugo yuko wapi?" Nimeshazoea, hata ukiwa na stethoskopu shingoni, bwana mifugo ni yule kijana aliyesimama nyuma yako. Dume lilikuwa limekufa usiku ghafla, jana yake lilikula vizuri. Puani palikuwa na damu nyeusi isiyoganda. Mwenzangu, ambaye hajawahi kulala na shaka maishani mwake, alishatoa kisu. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, alisema, tupasue tuone. Na wenye boma walikuwa wanaipigia hesabu nyama.

Inaweza kuwa kimeta, nikasema. Mzoga wa kimeta haupasuliwi: vimelea vyake vikikutana na hewa hujifunga ganda na kukaa udongoni miaka na miaka, na anayekula nyama ile anaweza kufa. Tone la damu la sikioni linatosha kupeleka maabara.

Mzee wa boma akanitazama mimi, si mwenzangu.

"Una hakika, binti?"

"Sina, mzee. Ndiyo maana hatupasui."