Dume Wangu Alipokataliwa Uchumba

Wiki iliyopita jirani yangu hapa South Dakota, jimbo la Marekani, alimkataa mbwa wangu dume wa Labrador, aina ya mbwa wa kuwinda ndege, asimpande jike wake, na alikataa kwa adabu iliyoniudhi kuliko tusi. Kwanza, dume huyo hajatimiza miezi 24, kwa hiyo picha ya eksirei ya nyonga zake haiwezi kupewa cheti cha kudumu cha kuonyesha kuwa hana kasoro ya nyonga ya kurithi. Pili, na hili ndilo lililonichoma zaidi, husimama mbele ya ndege pale tu ninapomwamuru.

Kazi ya asili ya Labrador ni kuokota ndege aliyeangushwa na kumleta mkononi bila kumtafuna. Kwenye nyasi hizi kavu, wengi wao humfurusha fezanti, ndege wa ukoo mmoja na kwale wetu, mara tu wanapomnusa. Wachache huzaliwa wakiwa na silika ya kuganda badala ya kumfurusha. Nilimwona jike wa jirani akikimbia dhidi ya upepo, ghafla akakatika mwendo, mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani na mate yakimdondoka, wala hakutikisika mpaka mwindaji alipomkaribia na kumtimua ndege mwenyewe. Silika hiyo hurithiwa, ila haishiki kila mtoto, hata wa tumbo moja. Ndiyo sababu jirani huwachunguza wazazi, mababu na ndugu. Kusimama kwa amri ni mafunzo, na mafunzo hayapiti kwenye damu.

Hapo nilimkumbuka mtoto wa mbwa niliyemnunua Nairobi katikati ya foleni ya magari. Muuzaji alimchomoa ndani ya koti akiapa kuwa ni Labrador halisi, nami sikuuliza mama yake yuko wapi. Miezi sita baadaye alikuwa na masikio ya mbweha. (Alilinda boma letu miaka mingi bila kuugua, na sitaki asemwe vibaya.)

Najua mtakavyonijibu huko nyumbani Kenya: huyu ameona theluji mara mbili, sasa anatuhubiria nyonga za mbwa ilhali sisi tunahesabu bei ya unga, tena katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu 1977. Sijaomba mtu awinde. Mbwa wa ulinzi anayeburuta miguu ya nyuma akiwa na miaka minne ni hasara kwa huyo huyo anayehesabu bei ya unga. Wala msiseme haya ni mambo ya wazungu, kwa maana mama yangu kule Githunguri hamruhusu mpandishaji wa mbegu amguse ng'ombe wake kabla ya kumsomea jina la fahali aliyetoa mbegu hiyo, na kituo cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianza kazi ya mbegu hizo mwaka 1946. Kijana akitaka kuoa, wazee hutumwa kuuliza ukoo mpaka kwa nyanya. Ujuzi tunao tele, ila ukifika kwa mbwa tunauacha getini pamoja na kile kibao cha "Mbwa Mkali".

Eksirei tutapiga mwezi wa Novemba. Jana nilimpeleka dume wangu nyasini nikanyamaza kabisa, nisimwamuru chochote. Alinusa, akasimama kwa muda wa kumeza mate, kisha akaruka kama paka na jogoo wa fezanti akapaa akipiga kelele. Jirani aliyekuwa uani alitazama pembeni ili nisione anacheka.