Nilikuwa Naongea na Nzi

Kabla hamjaendelea kuicheka ile video kule kwenye grupu, eti namtongoza mke wa mtu, na mimi nisikilizwe. Sikumtongoza mtu. Nilikuwa naongea na nzi.

Wale wenye mistari ya njano na nyeusi, wanaojifanya nyuki ilhali mwiba hawana. Anasimama hewani kama katundikwa kwa uzi, mabawa yanapiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ukipepesa jicho kahama. Ukiiachia kamera ijitafutie fokasi utarudi na picha za majani. Dawa ni kuizima hiyo fokasi ya kujitafutia, unaiseti lenzi mwenyewe umbali wa shubiri, unamsubiri. Akishamaliza kumfukuza mwenzake hurudi palepale. (Wa kupiga picha za simu msinicheke, kila mtu na ugonjwa wake.)

Basi niko magotini nyuma ya kichaka cha maua, makalio juu, pumzi nimeibana. Nzi kaja. Kaelea mbele ya lenzi, miguu kaikunja. Na mimi nikifika hapo mdomo huwa haunitii.

"Njoo mrembo," nikanong'ona. "Hapohapo. Jamani macho hayo!" Flashi, pa! "Geuka kidogo nikione kiuno." Pa!

Upande wa pili wa kichaka kiti kikasogea.

Nikaendelea, mjinga mimi. "Tulia, siumi." Majani yakafunguka polepole. Ukatokeza uso wa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Nyuma yake mumewe anakunja mikono ya shati. Wa kulia kwanza. Kwa utaratibu. Halafu wa kushoto.

"Shikamoo," nikasema, bado nimepiga magoti.

Hakuna marahaba.

"Ni nzi, mama. Ushahidi ninao." Nikageuza kamera. Sasa wenzangu wa flashi mnajua: ukibana tundu la lenzi, mwanga unaishia karibu, nyuma kote giza. Nzi akiwa hayumo, hamna kitu. Picha ya kwanza, nyeusi tii. Inayofuata, nyeusi. Inayofuata, nyeusi. Mzee kamaliza mikono. Mshikaji wangu, badala ya kunitetea, anarekodi.

Ya mwisho ikaniokoa: pembeni kabisa, tumbo la nzi na mguu mmoja. Mzee akacheka mpaka akakaa chini, nikaomba radhi, nikafungasha.

Mama ndiye hakucheka. Akaivuta kamera hadi kwenye miwani, akaiangalia weee.

"Hiki ndicho kiuno ulichokuwa unakililia?"