Aksanti ya Goma, na swali yenye inabakia

Kila tarehe 22 mwezi wa tano tantini yangu anatuita kwake Birere, anapika sombe na sambaza, na mbele tule anasimama anashukuru Mungu juu ya Goma. Anataja kimoja kimoja: ziwa, majirani, soko, mulima. Ndiyo, hata mulima, ile volkano ya Nyiragongo. Mwaka huu kuzeni yangu mwenye anaishi Kampala tangu 2021 alikuwa kwenye simu, video, akasikiliza sala yote mpaka amina, alafu akasema: tantini, unisamehe, lakini hiyo aksanti yenu njo inatuua. Hakuna mutu aligusa sahani. Tangu siku ile ninageuza ile maneno kichwani, juu kila mumoja wao anasema kitu ya kweli.

Tuanze na tantini. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji, ikameza Birere, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaenda kuingia ziwani. Nyumba yake ya mabao iliisha yote. Watu walivuka mupaka kwenda Gisenyi kwa maelfu na maelfu, na siku chache tu nyuma wakaanza kurudia, mawe ingali na moto chini ya kambambili. Tantini alitafuta fasi yake kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye kona ya kanisa, juu hakukubakia alama ingine. Jirani wa upande wa kushoto, mwenye yeye pia alipoteza nyumba, akamugawia mabati mbili. Ukuta yenye inamukinga leo ni ya mawe ya lava ile ile, nyeusi, yenye matundu matundu, vijana waliipasua na nyundo. Ukienda kwake unapanda, barabara ya zamani iko chini ya miguu yako. Mutu kama huyo ukimuambia asishukuru, unamunyanganya nini? Yeye hashukuru serikali, anashukuru zile mabati mbili.

Na kuna kitu ingine kuzeni anasahau, kukaa fasi moja na kuipenda kunafundisha. Sisi tulikomea tukisikia habari ya mazuku, ile hewa mubaya yenye inatoka chini ya udongo na kukaa kwenye mashimo upande wa magharibi ya muji, haina rangi, mbuzi anashuka kulamba majani na hapandi tena. Ni gesi kaboni, nzito kupita hewa, na asubuhi mapema wakati upepo haijapita inakuwa ingali imelala palepale. Bibi yetu hakusoma kemia lakini alijua shimo gani mutoto asiteremukie na saa gani. Jina yenyewe, mazuku, watu wa hapa njo waliitoa, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia. Mutu mwenye anaangalia muji kama kituo ya basi tu hawezi kujua ile.

Sasa kuzeni. Anakumbuka jumamosi ile ya 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, mbingu ikawa nyekundu na sisi tukaelewa kwa macho, juu hakuna mutu alitutangulia kusema. Kituo ya kuchunguza volkano iko hapa hapa mujini, lakini ufadhili yake kubwa ilikuwa imeisha 2020. Watu zaidi ya 30 walikufa. Lava ikasimama Buhene, karibu sana na uwanja wa ndege, na kisha siku tano, wakati udongo ulikuwa unatetemeka usiku na muchana, wakatangaza kartie 10 zihame, njo tukaona ile mustari ya watu kwenda Sake na magodoro kichwani. Kuzeni alienda upande ingine, na hajarudia. Sisi tuliimba kwamba Mungu amesimamisha lava. Miye pia niliimba, na ninaamini. Lakini anauliza: kisha kuimba, nani aliuliza juu ya nini watu hawakuonywa? Hapo sina jibu ya kumupa.

Ao chukua mayi. Ziwa Kivu iko mbele yetu, karibu mita 480 ya kina, na saa kumi na moja ya asubuhi mama wa kartie yetu anateremuka Kituku na bidoni ya lita 20, anaingia mpaka magoti, anasukuma takataka kwa mukono, anachota. Kwenye ukingo kunakuwa kijana wa kujitolea na sirenge ya klore, anapiga kidogo ndani ya kila bidoni juu ya kolera, mama anafunga na kipande ya sachet, anapanda kilima. Robine ya kwetu inakohoa mara moja kwa wiki, kama wiki ni muzuri. Na chini ya ziwa ile ile kuna gesi methane, upande wa Rwanda wanaitoa na kufanya umeme, KivuWatt inatoa megawati 26 tangu 2016. Sisi, ngambo hii, makala. Hapo ukiniambia «shukuru, wengine hawana hata ziwa», nitakasirika kweli, juu hiyo siyo tena shukrani, hiyo ni kumufunga mutu kinywa. Tunasifiwa kila mahali ati watu wa Goma wanajua kuvumilia. Kila mara ninasikia ile sifa ninajua kuna mutu mwenye hatafanya kazi yake.

Kwa hiyo miye naona kuzeni amekosa hapa: anafikiri aksanti ya tantini njo inazuia swali. Hapana. Yenye inazuia swali ni kuchukua aksanti yenye ilikuwa ya jirani na kuipatia wakubwa wenye hawakuleta kitu. Wale wanaokaa kulalamika kutoka mbali, mara mingi hawajui tena hata bei ya bidoni. Mwenye anapenda muji njo atasimama kwenye mukutano wa kartie kila mwezi kudai robine, mwenye anangoja viza hatasimama. Lakini tantini naye amekosa, aliponyamazisha kuzeni na «mukataa kwao ni mutumwa». Kuzeni hakukataa kwao. Mutu mwenye amekataa kwao hapigi simu kila tarehe 22 na kusikiliza sala mpaka amina.

Niliwaambia wote wawili, tantini jikoni, kuzeni kwa simu. Tantini alinyamaza, akaendelea kuosha sufuria na mayi ya ile bidoni, kidogo kidogo, ile ya kusuuza anaiweka pembeni ya kupangusa chini. Alafu akaniuliza mukutano wa kartie unaanza saa ngapi.