Wimbo wa 612

Mpango wa kupandisha toleo la mfumo endeshi wa rauta yetu, mtambo unaoelekeza data ya wateja, ulikuwa na kurasa 43, jedwali la nani apigiwe simu saa ngapi, na mchoro wa rangi 4. Niliuandika mimi. Kwenye kikao cha kuupitisha, bosi aliuinua juu akawaambia wenzangu, "Hivi ndivyo kazi inavyopangwa." Kauli hiyo yeye hajaisahau, na kila nikikosea hunirudishia.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Rauta ya kampuni ya mawasiliano huizimi na kuiwasha kama simu iliyoganda. Kwanza unahamisha trafiki kwa upole: unaiambia IS-IS, lugha ambayo rauta za ndani ya kampuni huambizana njia, iwatangazie majirani kwamba rauta hii imelemewa, wapite kwingine. Upande wa BGP, lugha ya kuambizana njia na mitandao mingine, unabandika alama ya 65535:0, ile ya waraka wa kanuni za intaneti RFC 8326 wa mwaka 2018, ili majirani waione njia yako kuwa ya mwisho kabisa kabla hujakata. Ukifanya hivyo vizuri rauta inabaki tupu kama ukumbi baada ya harusi, na wateja wanaendelea kukoroma. Isipokuwa wale wa mguu mmoja, waliofungwa kwenye rauta hiyo tu. Hao tulikuwa tumewaandikia: kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri mtakatika dakika 30. Dakika 30! Na niliipigia mstari.

Saa 6 na dakika 40 nilikuwa nyumbani, shuka mabegani, nimeingia kwenye konsoli, mlango wa kuiamuru rauta moja kwa moja, kupitia modemu ya laini ya simu. Trafiki imehama. Faili jipya la GB 1.3 limekaa kwenye kadi kuu zote mbili, ile inayofanya kazi na ile ya akiba. Hifadhi ilikuwa finyu, kwa hiyo toleo la zamani nilikuwa nimelifuta kotekote ili jipya lipate pa kukaa. Ukurasa wa 29 ulisema wazi kwamba kadi ya akiba ibaki na toleo la zamani mpaka jipya liwake. Ila mimi ni mwandishi tu wa mpango ule. Msomaji alipaswa kuwa mtu mwingine.

Nikabonyeza.

Rauta ikazima, ikaanza kuwaka, ikalitazama lile faili, ikasema sahihi yake haiendani. Ikajaribu kadi ya akiba. Faili lilelile, ubovu uleule. Watu hununua kadi mbili ili moja ikifa nyingine ishike, nami nilikuwa nimehakikisha kwamba hata kosa langu lina akiba. Ikaniachia alama moja ya kusubiri amri, kile kimfumo kidogo cha kuwashia kinachobaki pale ambapo kila kitu kimeshindikana. Kinakupepesea macho tu, kama mtu anayesubiri ueleze ilikuwaje.

Ilikuwa hivi. Nilipakua faili kwenye kompyuta yangu, nikapima MD5, ile alama ya kidole ya faili, ikafanana na ya mtengenezaji herufi kwa herufi. Nikafurahi, nikaweka alama ya vema. Kisha nikalipeleka kwenye seva yetu kwa programu yangu ya zamani ya FTP, ya kuhamishia mafaili, ambayo ilikuwa imewekwa katika hali ya maandishi. Hali hiyo ni ya barua na mashairi: kila inapodhani imeona mwisho wa mstari, inaurekebisha kwa hisani yake. Ukiipa mfumo endeshi, inauhariri vilevile. Rauta ikachukua nakala iliyohaririwa, kwa uaminifu wote. Nilikuwa nimempima afya mgonjwa kabla hajapanda basi, kisha nikamwandikia cheti cha safari nzima.

Nikafanya hesabu ya kupitisha faili jipya kwenye konsoli. Konsoli yetu inakwenda kasi ya biti 9600 kwa sekunde, yaani baiti kama 960. GB 1.3 kwa kasi hiyo ni siku 15 na zaidi, mfululizo, bila modemu kukatika. Wateja tulikuwa tumewaahidi dakika 30. Na mtandao wa usimamizi wa kituo kile, njia nyingine ya kuufikia mtambo kwa mbali, ulikuwa unapita wapi? Ndani ya rauta hiyohiyo. Nikavaa viatu.

Saa 8 nilikuwa kituoni na kompyuta, waya wa konsoli na flashi ya GB 64. Kompyuta yangu ni nyembamba ya kisasa, haina tundu la waya wa mtandao. Kiunganishi chake kilikuwa nyumbani, juu ya ule mpango wa kurasa 43, kimeuzuia usipeperuke. Nikachomeka flashi kwenye rauta. Haikuiona. Flashi ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa exFAT, na kile kimfumo cha kuwashia kinaelewa mtindo wa FAT32 tu. Nikajaribu kuiumba upya, kompyuta ikakataa: FAT32 mwisho GB 32. Najua ipo njia ya kuzunguka, lakini akili ya saa 8 usiku haizunguki.

Mlinzi, mzee wa makamo yaliyokwisha kupita, alikuwa mlangoni na kiredio chake kinaimba taratibu. Kiredio kilikuwa na flashi ubavuni. Ndogo, kuukuu. GB 4.

"Mzee wangu," nikasema, "naomba unisaidie hiyo flashi nusu saa."

"Ina nyimbo zangu, injinia."

"Nitazihifadhi kwenye kompyuta, kisha nitazirudisha."

Akatazama ule mtambo wenye taa nyekundu, akanitazama mimi. "Kompyuta hiyohiyo iliyofanya hivyo?"

Sikuwa na jibu. Simu kutoka chumba cha uangalizi ililia mara mbili tukiwa bado tunatazamana. Mwishowe akafungua daftari lake la lindo, akasoma idadi kwenye kioo cha kiredio, akaandika: *Saa 8:20. Nimemkabidhi injinia nyimbo 611.* Nikatia sahihi, naye akatia yake.

Nikazihamisha zote, kwa kuwa nafasi iliyobaki haikutosha, nikalimwaga faili zima kwenye flashi. Safari hii nikapima MD5 ya nakala ya kwenye flashi yenyewe, nikaihifadhi kwenye kijifaili kando yake. Namba ya mtengenezaji nilikuwa nayo kwenye simu. Mzee akavaa miwani akanisomea ya kwenye kompyuta, polepole, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Tisa... efu... sifuri... be..." Alipofika kama ya ishirini akasimama.

"Mbona hazivuki F? Nyie herufi zenu ziliishia hapo?"

"Ndio, mzee. Kumi na sita tu, pamoja na tarakimu."

"Ndiyo maana mnapata shida."

Zote 32 zikafanana. Rauta ikawaka kutoka kwenye flashi ya kiredio, kadi zikaamka moja moja, BGP ikaanza kukusanya njia zake, takriban milioni moja za anwani za IPv4. Nikaliweka faili zima kwenye kadi zote mbili, nikapima tena huko huko. Saa 9 na dakika 35 mteja wa mwisho wa mguu mmoja alirudi hewani. Bosi alinitumia ujumbe wenye alama ya kuuliza, peke yake.

Nikafuta lile faili kubwa kwenye flashi, nikazirudisha nyimbo, nikamkabidhi mzee. Hakuipokea. Alitaka azihesabu kwenye kioo cha kompyuta.

"612," akasema. "Nilikupa 611."

"Haiwezekani, mzee."

"Hesabu mwenyewe."

612. Akafungua daftari, kalamu mkononi, hataki kuandika. "Huo uliozidi tuusikie."

Nikaubonyeza. Pakafunguka mstari mmoja wa herufi na tarakimu 32. Mzee akasogeza miwani, akasoma kimoyomoyo mpaka kama ya ishirini, uso ukamfunguka.

"Aa, huu si naufahamu!" Akainama akaandika: *Saa 10:05. Nyimbo 611 zimerudi salama. Wa 612 nimeimba mimi.*

Akanigeuzia daftari nitie sahihi.