Kaboti kakivutwa kasiwe na mtu ndani

Juzi jioni nikiwa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nimeona tena ile kitu imenisumbua miaka mingi, boti ya injini inaingia kutoka upande wa kisiwa cha Ndere, nyuma inavuta mtumbwi kwa kamba fupi, kama mita tatu hivi, na ndani ya mtumbwi vijana wawili wameketi bila laifu jaketi, mmoja ameinua simu anachukua video. Walifika salama na namshukuru Mungu. Nilimwendea mwenye kushika injini, akanijibu tu, "Omera, hapa ni karibu, hakuna kitu." Sikulala vizuri hiyo siku, ndo maana naandika.

Mimi nina boti ya faiba ya mita 6, injini ya hosipawa 25, na kaboti kadogo ka mita 3 ka kushukishia wageni penye mawe na maji mafupi, juu hapo boti kubwa ikiguza unaharibu propela. Watu huniuliza mbona nisikapandishe tu juu ya boti badala ya kukavuta. Nilijaribu mwaka wa kwanza. Kaboti kakilala juu ya paa la turubai uzito wote uko juu, boti inayumba ata kwa wimbi dogo, alafu upepo unakashika kama tanga. Ukikaweka nyuma kanaziba injini, ukikaweka katikati hakuna mahali pa abiria kuketi. Kama ni kale ka mpira ka kujaza pumzi, toa pumzi ukunje uweke ndani, hapo sina ubishi. Lakini ka mbao ama ka faiba, kwa boti ndogo kama yangu, vuta.

Shida ni venye tunavuta.

Hili ziwa letu asubuhi linakudanganya. Ukitoka Kisumu saa kumi na mbili maji yametulia, kaupepo kanatoka nchi kavu kuelekea ziwani, kaboti kanakufuata polepole kama mbuzi amefungwa kamba, na unaona hii kazi ni rahisi. Kuanzia saa nane mchana upepo unageuka, unatoka ziwani upande wa magharibi unakuja na mawimbi, na wewe ndio saa unarudi Kisumu, kwa hivyo mawimbi yako mgongoni. Hapo kaboti ndio kanaanza kukukimbiza. Wimbi linakainua, kanateremka kwa mbio kuliko wewe, kamba inalegea, alafu kanakuja kugonga injini ama kanakupita kwa ubavu. Mimi kalinipita. Kamba ya nailoni ikazama, ikaingia kwa propela, injini ikazima mita mia kadhaa kutoka nchi kavu, boti ikageuka ubavu kwa mawimbi na nilikuwa na abiria watano. Nilikata kamba na kisu cha samaki nikiwa nimelala tumbo juu ya injini na maji yananipiga usoni. Tangu hiyo siku kisu hakitoki kwa boti yangu.

Sahii natumia ile kamba ya manjano ya plastiki inayoelea, mita 20. Nailoni iko na nguvu na inanyumbuka vizuri boti ikivutwa kwa ghafla, sikatai, lakini ikilegea inazama moja kwa moja kwa propela. Nyuma ya boti nafunga kamba kwa pembe zote mbili, zinakutana nyuma ya injini kama mdomo wa manati, alafu ile ndefu inaanzia hapo, kwa hivyo kaboti kanakaa katikati na usukani hauvutwi upande mmoja. Kwenye kaboti nafunga kwa ringi iko chini, karibu na maji. Watu wengi hufunga kwa kiti ama juu kabisa mbele, na ukivuta hapo juu pua inainamishwa, inachota maji.

Na maji ndio mabaya kuliko yote. Hesabu mwenyewe, kaboti ka mita 3 kwa upana wa mita 1.2, kakiingia maji ya sentimita 10 tu hizo ni karibu lita 300, yaani kilo 300, na hayo maji hayatulii, yanakimbia huku na huku mpaka kanapinduka. Ndio maana kabla sijatoka natoa injini yake ndogo, makasia, mtungi wa mafuta, kila kitu, kanabaki tupu.

Mawimbi yakiwa mgongoni naongeza kamba, alafu nafunga ndoo nyuma ya kaboti iburutwe majini, hio inakashikilia kasiteremke mbio. Mzee mmoja mvuvi ndio alinionyesha na nikaona ni kweli. Na punguza mwendo. Kaboti ka mita 3 ka tumbo la mviringo kakipita kama kilomita 8 kwa saa kanaanza kupanda wimbi lake kenyewe, kanarukaruka kushoto kulia, unachoma mafuta bure.

Gugumaji ni hadithi ingine. Kamba inayoelea inazoa gugu lote njiani kama wavu, kwa hivyo nikiona visiwa vya gugu nazima mwendo, mtu anavuta kamba ndani yote KABLA sijarudisha injini nyuma, tunafunga kaboti ubavuni tunapita polepole.

Sasa uweke mtu ndani ya hako kaboti. Kakigeuka kanamfunika, kamba bado inavuta, wewe uko mbele na kelele ya injini husikii akipiga kelele, na kumbuka kuna kiboko huku kwetu. Nauli ya watu wawili haifiki hapo. Kama boti kubwa imejaa, rudi safari ya pili, na kama giza linaingia afadhali walale Ndere kwa kambi.

Kamba yangu ya zamani ya manjano bado ni nzima, mita 15. Nimemwambia yule jamaa wa juzi aje aichukue bure, na laifu jaketi mbili za ziada nimemwekea pamoja nayo. Amesema atapitia Jumamosi.