Chembe za Dhahabu kwenye Ulimi wa Mashine: Zinatibu Ugonjwa Gani?

Wanaotetea chembe nano za metali (vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho) katika vihisi vya ladha, yaani vifaa vinavyopima ladha ya kinywaji kwa umeme, huanza na hesabu, na hesabu yao haina ubishi. Mchemraba wa dhahabu wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe vijimchemraba vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita): uzito haujabadilika, lakini uso wote kwa pamoja umefika mita 600 za mraba. Na kihisi hufanya kazi yake usoni. Elektrodi, kipande kinachopitisha umeme, hupakwa utando mwembamba wa polima (dutu ya molekuli ndefu, kama plastiki), hutumbukizwa kwenye kahawa, mvinyo au maziwa, kisha kifaa husoma jinsi umeme ulivyobadilika. Elektrodi moja peke yake haijui ladha. Hupangwa kadhaa, kila moja na utando wake, na kompyuta husoma majibu yote kwa pamoja.

Faida ya metali haiishii kwenye uso. Polianilini, polima inayopendwa sana maabara, hupitisha umeme vizuri penye asidi kali na huzubaa asidi inapopungua. Kahawa ina pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni kati na chini yake ni asidi) ya karibu 5, maziwa yanakaribia 7, kwa hiyo vinywaji tunavyotaka kuvipima ndivyo vinavyoidhoofisha. Ikichanganywa na chembe za dhahabu, imeonekana kuendelea kufanya kazi hata karibu na pH 7. Tena polima ile ile ukiitia dhahabu katika elektrodi moja na madini ya fedha katika nyingine, unapata majibu mawili tofauti bila kubuni polima mpya. Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya eneo la uso.

Shaka yangu ni kama wepesi wa kuhisi, yaani uwezo wa kugundua viwango vidogo sana, ndio uliokuwa umekosekana. Mwaka 2002 watafiti wa Brazil, akiwemo Antonio Riul, walichapisha kazi ya kihisi kilichotumia tando nyembamba za polima pamoja na kampaundi ya rutheni (metali adimu), bila chembe nano za metali. Kilitambua chumvi, sukari na kwinini katika viwango vya chini kuliko ulimi wa binadamu unavyoweza kuonja. Ulimi ulikwisha kupitwa zamani. Kuupita mara mia zaidi kunapendeza kwenye jarida, ila mnywaji wa kahawa hatahisi tofauti hiyo.

Kilichokosekana ni uthabiti. Chembe nano hupenda kugandana, na zikigandana ule uso wa mita 600 unapungua. Fedha ndiyo yenye matatizo zaidi: hushikana na kloridi, hupata kutu nyeusi penye salfa, na ayoni zake huvuja kwenye kinywaji. Mvinyo una salfa, maziwa yana kloridi. Hata dhahabu, ambayo haina vurugu hizo, haikuhakikishii kwamba utando wa leo utafanana na utakaotengenezwa mwezi ujao. Na utando ukibadilika, kompyuta iliyofunzwa kutambua majibu ya utando wa awali lazima ifunzwe upya. (Bei ya dhahabu, inayolalamikiwa mara nyingi, si tatizo kubwa, kinachotumika ni kidogo mno.)

Hapo ndipo kazi ya Kiyoshi Toko wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, inapofundisha. Tando zake ni za lipidi (jamii ya mafuta), plastiki ya PVC na kilainishi, nene ukizilinganisha na hizi za nano, wala hazina mbwembwe. Lakini kifaa kilichotokana nazo kiliingia sokoni miaka ya 1990, na viwanda vya vyakula na dawa hukitumia, kwa mfano kupima uchungu wa dawa kabla mgonjwa hajaimeza.

Hata hivyo tando hizo zina udhaifu wa kweli: husoma chaji, na sukari haina chaji. Utamu umewasumbua watafiti wake. Metali zina la kusema hapa, kwani dhahabu, shaba na nikeli huweza kuoksidisha sukari (kuipokonya elektroni, na hivyo kutoa umeme unaopimika) bila kimeng'enya. Ila shaba na nikeli hutaka mazingira ya alkali, na kahawa ni asidi, kwa hiyo sampuli lazima itayarishwe kwanza. Upande wa fenoli za mvinyo (kemikali zinazoupa ukakasi na rangi) metali zimefanikiwa zaidi, na hapo ningeziunga mkono bila kusita.

Kwa mnada wa kahawa wa Moshi au Nairobi jambo ni gumu zaidi. Muonjaji hunusa kabla ya kuonja, na sehemu kubwa ya anachokiita ladha huingilia puani. Elektrodi iliyozama kikombeni hainusi kitu, hata ukiijaza dhahabu. Inachoweza kufanya vizuri ni kazi finyu: kuonyesha kwamba gunia hili halifanani na sampuli iliyokubaliwa, au kwamba maziwa yametiwa maji. Kazi hiyo haihitaji wepesi wa kuhisi kupita kiasi; inahitaji kihisi ambacho, kikitengenezwa na watu wawili katika maabara mbili, kitatoa jibu moja kwa kahawa ile ile. Ningependa kuona jaribio hilo katika kila makala inayosifu chembe mpya, hata kama grafu ya wepesi wa kuhisi itakosa nafasi.